Je, Michezo ya Kuchora Ina Nafasi Darasani?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha ubunifu wa michoro katika chuo kimoja hapa Moshi. Wanafunzi wangu hukimbilia kompyuta kabla ya kuwaza, lakini ninapowapa michezo ya kuchora, walimu wenzangu husema ninapoteza muda. Nifanyeje?
Mwalimu, Moshi

JIBU: Mwalimu, hupotezi muda hata kidogo. Mchezo humpunguzia mwanafunzi hofu ya kukosea, na hofu hiyo ndiyo humfanya ang'ang'anie wazo la kwanza lililomjia. Mpe karatasi yenye maduara 30 matupu, ayageuze kwa dakika 3 kuwa vitu vinavyotambulika: atamaliza upesi jua, saa na gurudumu la bajaji, kisha atakwama, na hapo ndipo kufikiri kwa picha kunapoanza, kwa kuwa atalazimika kuunganisha maduara mawili yawe miwani, au kuwaza jinsi kreta ya Kibo inavyoonekana kutoka angani.

Upo pia mchezo wa kukunja karatasi, uliochezwa na wasanii wa Paris miaka ya 1920, ambapo mmoja huchora kichwa, akakificha, na mwenzake akaendeleza kiwiliwili bila kukiona. Huo nao unafaa.

Ila mchezo usiishie kwenye kicheko. Bandikeni michoro ukutani, kila mmoja aeleze ni mstari upi uliomfanya atambue kitu na upi uliompoteza. Ukiyaacha mazungumzo hayo, malalamiko ya wenzako yatakuwa ya haki. Kompyuta ziwashwe baadaye.