Friji inalia: umwambie nini fundi?

Ndugu wa Kondele, umeuliza umweleze vipi fundi kwa simu, maana ukisema friji "inapiga kelele" anakuuliza maswali kumi. Mwambie sauti inatoka wapi na inakuja lini. Kuvuma taratibu ni kawaida. Kububujika ni gesi inazunguka, usihangaike. Lakini ikivuma sekunde chache, ikalia "ta!", ikanyamaza, kisha ikarudia baada ya dakika kadhaa, huenda kompresa (mota inayosukuma gesi) inashindwa kuwaka. Chomoa, usiiache ijaribu usiku kucha. Mtajie pia kama taa zinafifia, kwani stima ikiwa chini huleta hayo hayo. Ikikwaruza ndani ya friza, pengine feni inagusa barafu. Au irekodi tu, umtumie kwa WhatsApp.