Kiegemeo cha kichwa kwenye kiti cha gari: cha starehe au cha kuokoa shingo?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Wiki iliyopita tulikuwa tumesimama kwenye foleni, gari la nyuma likatugonga. Halikuwa na mwendo mkubwa. Bampa letu limechubuka tu na taa zote ni nzima. Mimi sikupata kitu, lakini mke wangu aliyeketi kiti cha pembeni aliamka kesho yake shingo imekaza, hawezi kugeuka. Aliyetugonga anasema mtu hawezi kuumia kwa kuguswa vile. Je, ni kweli? Na hivi viegemeo vya kichwa vina kazi gani hasa? Fundi aliyetushonea makava ya viti alivishusha vya mbele mpaka chini, na vya nyuma akavitoa kabisa, akisema vinaziba kioo.

JIBU: Poleni sana, na umfikishie mkeo salamu zangu. Kabla ya habari za viti: kama anahisi ganzi au kuchomachoma mikononi au miguuni, kama mkono umelegea, kama kichwa kinamuuma kwa nguvu au maumivu yako katikati kabisa juu ya mfupa wa shingo, aende hospitali leo, asingoje. Mimi ni mhandisi wa viti na mikanda, si daktari, na shingo haitibiwi kwa barua. Hata asipokuwa na dalili hizo, aonwe. Ila maumivu kuja kesho yake si kujisingizia. Ndivyo jeraha hili lilivyo: saa za kwanza mtu hujiona mzima, usiku misuli inavimba na kukaza.

Sasa tuone kilichotokea ndani ya gari. Wengi hudhani ukigongwa kwa nyuma kichwa hurushwa nyuma. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipotazama video za majaribio zilizopunguzwa kasi. Kichwa hakirushwi popote. Gari linasukumwa mbele, kiti kinausukuma mgongo mbele, na kichwa kinabaki palepale kilipokuwa, kana kwamba kimesahauliwa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5, na kama nyuma yake hakuna kitu, kinachobaki kukisogeza ni shingo peke yake. Shingo ndiyo inageuzwa kamba ya kukikokota kichwa.

Shingo ina pingili 7. Kiwiliwili kinapotangulia, pingili za chini hupinda kwenda nyuma wakati za juu bado zimepinda kwenda mbele, na kwa kitambo kifupi mno shingo nzima huchukua umbo la herufi S. Hapo ndipo viungo vidogo vilivyo nyuma ya pingili hubanana na kano zake huvutika kupita kiasi. Yote hayo hutokea ndani ya takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Misuli ya mtu ambaye hakutarajia kugongwa huwa ndiyo kwanza inaanza kukaza. Imechelewa.

Kuhusu bampa, aliyewagonga amekosea. Bampa lenye mchubuko halipimi shingo ya abiria. Bati linapobonyea hula sehemu ya nguvu ya kishindo na kuurefusha muda wake. Gari gumu lisilobonyea huruka mbele lote kwa mara moja, na kiti huruka nalo. Picha ya bampa haiwezi kuthibitisha kwamba mkeo ameumia, wala haiwezi kuthibitisha kwamba hakuumia.

Kwa nini yeye na si wewe? Siwezi kulijibu hilo kwa hakika bila kuliona gari, lakini mambo mawili nayafahamu vizuri. Kwanza, wanawake hupata jeraha hili zaidi kuliko wanaume. Shingo zao kwa kawaida ni nyembamba, miili yao ni myepesi, na viti vimepimwa miaka mingi kwa sanamu ya majaribio iitwayo BioRID yenye umbo la mwanamume wa wastani. Kiti kinachombonyea vizuri mwanamume wa kilo 78 kinaweza kuwa kigumu mno kwa mwanamke wa kilo 60. Mhandisi Astrid Linder wa Sweden ameongoza kazi ya kutengeneza sanamu yenye umbo la mwanamke wa wastani, na kwangu mimi hiyo ni kazi iliyochelewa sana kufanywa. Pili, yawezekana alikuwa amegeuza kichwa akizungumza nawe. Shingo iliyogeuzwa huumia kwa urahisi zaidi.

Halafu kuna hicho kiegemeo kilichoshushwa mpaka chini. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Kiegemeo cha kichwa, ambacho wengi wetu tunakiita hedresti, si mto wa kusinzilia. Kazi yake ni moja: kukipokea kichwa mapema ili kisogee mbele pamoja na mgongo, shingo isipate nafasi ya kupinda. Kikiwa chini, usawa wa shingo, kichwa hukosa pa kuegemea na shingo hupinda juu ya ukingo wake kama fimbo inayovunjwa gotini. Marekani ilivilazimisha kwenye viti vya mbele vya magari madogo kuanzia Januari 1969, lakini faida iliyopatikana ilikuwa ndogo kuliko iliyotarajiwa, na sababu kubwa ni hiyohiyo ya fundi wako: watu waliviacha chini.

Fanyeni hivi leo gari likiwa limesimama. Keti kama unavyoketi ukiendesha. Usijinyooshe kwa ajili ya kipimo. Mkeo aweke kiganja bapa juu ya utosi wako akisogeze nyuma kwa usawa. Kiganja kikigusa ncha ya juu ya kiegemeo, urefu ni sawa. Kikipita juu hewani, inua kiegemeo mpaka usikie kimelia "ka" kwenye tundu lake. Kama wewe ni mrefu na kimefika mwisho, ncha yake isiwe chini ya sehemu ya juu ya masikio. Kisha apitishe vidole kati ya kisogo chako na kiegemeo. Vidole vitatu vikienea, vizuri sana. Vinne ndiyo mwisho. Mkono mzima ukipita, simamisha zaidi mgongo wa kiti, kwa kuwa kulala nyuma ndiko kunakoleta pengo hilo, na mwili wa aliyelala hivyo huteleza kupanda kiti anapogongwa. Badilishaneni, maana kipimo chako si chake. Mto wa shingo wa safari uondoeni: unajaza pale penye shingo na kukiacha kisogo hewani. Wapo pia wanaokigeuza kiegemeo kitazame nyuma ili kisiwasumbue, na kwa kufanya hivyo wanaongeza pengo.

Baadhi ya magari yana viti vilivyobuniwa kwa ajili ya jambo hili. Saab ilitoa mwaka 1997 kiegemeo kinachosogea chenyewe kukifuata kichwa mgongo unapokibonyeza kiti, na mwaka 1998 Volvo ikatoa kiti ambacho mgongo wake hurudi nyuma kwa utaratibu pamoja na aliyekikalia. Tangu 2009 Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, huhesabu kinga ya shingo katika nyota wanazotoa. Kama gari lako lina kiti cha namna hiyo, lipeleke likakaguliwe, kwa sababu baadhi ya viti hivyo vina vyuma ndani vinavyopinda mara moja tu. Chuma kikishapinda, mara ya pili hakitafanya kazi.

Kugongana uso kwa uso ni habari nyingine. Hapo kifua kinazuiwa na mkanda na kichwa kinaendelea mbele, mpaka kipokewe na mfuko wa hewa. Mkanda upite katikati ya bega, usipite shingoni wala chini ya kwapa, na kifua cha dereva kiwe angalau sentimita 25 kutoka kwenye usukani. Mtoto mchanga aketi akitazama nyuma, kwa muda mrefu kadiri kiti chake kinavyoruhusu: kichwa chake ni karibu robo ya urefu wa mwili na shingo bado ni laini, na kiti kinachotazama nyuma hukipokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Kiti hicho kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa usiozimwa.

Siku nyingine ukiwa kwenye foleni ukaona kwenye kioo gari linakuja na halisimami, kanyaga breki, tazama mbele, bandika kisogo kwenye kiegemeo, na umwambie mwenzako afanye vivyo hivyo.

Na vile vya nyuma, mdai fundi avirudishe. Kiti kikiwa kitupu kishushe kiegemeo uone kioo vizuri. Mtu akiketi, mwinulie kabla hujawasha gari.