Siku Nne Bila Sigara, Nyumba Haikaliki: Muuguzi Anajibu Barua Zenu

Mama Muuguzi, shikamoo. Mimi ni dereva wa lori, nasafiri usiku. Nimevuta tangu nikiwa kijana, na mpaka wiki iliyopita pakiti nzima ilikuwa inaisha kwa siku. Leo ni siku ya nne sijagusa sigara. Usingizi umekata, mikono haina pa kukaa, na jana nilimfokea mwanangu mdogo kwa sababu tu ameangusha kijiko. Mke wangu akasema, "Bora uvute, tupate amani." Na kweli nimeanza kuona bora nivute. Hii arosto inaisha lini? Au mwili wangu ndio umeshazoea, hauwezi tena kuacha? – Dereva wa Usiku

Marahaba, mwanangu. Usivute leo. Umeniandikia ukiwa katika siku ngumu kuliko zote utakazopitia, na nasikitika kwamba hakuna aliyekwambia mapema zitakuwaje.

Nikotini haikai sana mwilini. Kila baada ya saa mbili hivi, nusu ya iliyomo kwenye damu inakuwa imeondoka, kwa hiyo kufikia siku ya nne nikotini yenyewe haimo tena. Kilichobaki ni ubongo ulioizoea. Moshi ukivutwa, nikotini hufika kichwani ndani ya sekunde chache na kugusa vipokezi vinavyoleta raha na utulivu. Ukivuta miaka mingi, ubongo hujiongezea vipokezi hivyo, na sasa vyote vinadai kwa pamoja. Hasira, kukosa usingizi, mawazo kutotulia, njaa isiyoisha, hata huzuni inayokuja bila sababu, vyote vinatoka huko. Huwa vikali zaidi katika wiki ya kwanza, na kwa watu wengi hupoa ndani ya wiki 2 hadi 4. Vipokezi navyo hupungua taratibu, na kati ya wiki ya 6 na ya 12 hukaribia kuwa kama vya mtu asiyevuta. Kwa hiyo mwili wako unaweza, na kazi hiyo umeshaianza.

Mkeo msomee barua hii. Mwambie hasira hii ina mwisho, na kwamba ukivuta leo ili nyumba itulie, siku utakapoacha tena mtaanza siku ya kwanza upya. Mtoto naye mwite, umwombe radhi. Hata awe mdogo ataelewa ukimwambia baba anaacha sigara na mwili wake unalalamika.

Sasa nikuulize: hamu inakushika saa ngapi hasa? Nimekaa na wavutaji wengi, na nikiwauliza swali hili, kwanza husema "muda wote." Tukikaa tukapanga siku nzima, tunakuta si muda wote. Kuna kero ya chinichini inayokaa siku nzima, ndiyo. Lakini ile hamu inayokubana koo, ukajikuta unapapasa mfuko wa shati bila kujua, huja kwa vipindi, na kila kipindi huchukua dakika chache tu, kisha hulegea, uvute usivute. Hilo la mwisho wavutaji wengi hawajawahi kulijaribu, maana kila hamu ilipokuja waliizima kwa moshi, wakabaki wanaamini kwamba moshi ndio ulioiondoa.

Kwa dereva, nafahamu saa zake. Ni pale unapozima injini na kushuka. Ni baada ya kula. Ni pale unaposubiri kushusha mzigo na hakuna wa kuzungumza naye. Kila saa kati ya hizo ipangie kitu kabla haijafika. Ukizima injini, shuka na chupa ya maji, zunguka lori zima ukikagua tairi moja moja huku unakunywa kidogo kidogo, na ukifika pale ulipoanzia, vuta pumzi ndefu kwa pua na uitoe taratibu kwa mdomo, mara kadhaa. Kufikia hapo kilele cha hamu kwa kawaida kimeshapita. Ukimaliza kula, nyanyuka hapohapo, kapige mswaki. Kiti cha baada ya chakula usikikalie kwa sasa.

Chumba cha dereva nacho kifanyie usafi. Toa kisahani cha majivu, toa viberiti, fua vitambaa vya viti. Harufu ya moshi iliyoganda kwenye kitambaa inatosha kuamsha hamu saa nane za usiku, wakati huna nguvu ya kubishana nayo.

Kahawa ipunguze nusu. Watu wengi hawaambiwi hili. Moshi wa sigara hulifanya ini liondoe kafeini haraka kuliko kawaida. Ukiacha kuvuta, ini hurudi kwenye mwendo wake wa asili, na vikombe vilevile ulivyozoea vinakaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi haupo, na wewe unadhani yote ni arosto. Kwa dereva anayeishi kwa kahawa, sehemu ya usingizi wako uliopotea huenda iko kwenye kikombe.

Na hapo kwenye usingizi ndipo ninapopata hofu kweli. Kama hujalala, usishike usukani. Omba siku chache za mapumziko, au badilishana zamu na mwenzako, mpaka usingizi urudi.

Mwisho, sioni sababu ya kuteseka bila dawa. Nenda kwa mfamasia umuulize kuhusu plasta ya nikotini na chingamu ya nikotini. Najua utasema, "Si nikotini ileile ninayoikimbia?" Nikotini ndiyo inayokufunga, lakini saratani, mishipa kuziba na mapafu kuharibika huja hasa na moshi: lami yake, gesi ya kaboni monoksidi, na kemikali nyingine kwa maelfu. Plasta inakupa nikotini polepole, bila moshi, ili ubongo usidai kwa kelele wakati wewe unajifunza kuishi bila sigara. Aliyekuwa akivuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na plasta ya miligramu 21, kisha hushuka hadi 14, halafu 7. Bandika mpya kila asubuhi kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, ukibadilisha mahali. Ikikuletea ndoto za ajabu, ivue unapokwenda kulala.

Chingamu watu wengi huitumia vibaya, wanaitafuna kama pipi, wanapata kwikwi na kiungulia, kisha wanasema haifanyi kazi. Itafune polepole mpaka uhisi ukali kama wa pilipili mdomoni. Acha kutafuna. Isukume kati ya fizi na shavu, ikae hapo. Ule ukali ukipotea, tafuna tena kidogo, kisha iegeshe upande wa pili. Endelea hivyo kama nusu saa. Nikotini inaingia kupitia ngozi ya ndani ya mdomo. Ukiimeza na mate inaishia tumboni, na huko ndiko kiungulia kinakoanzia. Usinywe kahawa, soda wala juisi robo saa kabla, wala ukiwa nayo mdomoni, kwa sababu uchachu wake huzuia nikotini isipenye. Kama sigara yako ya kwanza ulikuwa unaivuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka, chingamu ya miligramu 4 ndiyo yako. Wengine inawatosha ya 2. Plasta kwa siku nzima na chingamu kwa vile vipindi vya ghafla, vikitumika pamoja, huwasaidia watu wengi kuliko kimoja peke yake. Kama una ugonjwa wa moyo, mwone daktari kwanza.

Niandikie tena mwezi ukiisha. Nitasubiri.

Dada Muuguzi, mimi sijaacha lakini nimepunguza sana. Zamani nilikuwa navuta sigara 20, sasa ni 3 tu kwa siku, tena zile nyepesi. Naweza kusema nimeokoka? – Binti wa Ofisini

Kutoka 20 hadi 3 umefanya kazi kubwa, mdogo wangu, na saratani ya mapafu inakutisha kidogo kuliko zamani. Moyo ndio unaonifanya nisiseme ndiyo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara 1 tu kwa siku hubeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo inayobebwa na anayevuta 20. Hata moshi kidogo huvuruga mishipa na kufanya damu igande kwa urahisi.

Hizo "nyepesi" ziweke kando kabisa. Kichungi chake kina vitundu vidogo vya kuingiza hewa, na mashine ya kupimia ikivuta, moshi unaonekana hafifu. Binadamu hafanani na mashine. Vidole na midomo huziba vile vitundu, halafu mtu huvuta kwa nguvu na kwa kina zaidi mpaka apate nikotini aliyoizoea.

Na hizo 3, nadhani wewe mwenyewe unajua, ndizo unazoziwaza kutwa. Kila siku unaipitia arosto bila kuimaliza. Panga tarehe, karibu tu, ukate zote kwa mara moja. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha karibu watu 700, uliona kwamba waliokata siku moja walifanikiwa zaidi kuliko waliopunguza polepole: baada ya wiki 4, asilimia 49 walikuwa bado hawavuti, dhidi ya asilimia 39.

Mama, mume wangu ana miaka 60. Nimemficha viberiti, nimelia, nimemletea mpaka viongozi wa dini. Chingamu alijaribu akaitupa. Anachonijibu ni kimoja: "Nimeshachelewa, niache nife na sigara yangu." Nifanyeje? – Mke Mwenye Uchungu

Pole sana, dada yangu. Hajachelewa, na hili si la kumfariji tu. Mwaka 1951 huko Uingereza, Richard Doll na mwenzake walianza kuwafuatilia maelfu ya madaktari, wanaovuta na wasiovuta, na ufuatiliaji huo ukaendelea kwa miaka 50. Waliovuta maisha yao yote walikufa mapema kwa wastani wa miaka 10. Walioacha wakiwa na miaka 30 waliiokoa karibu yote. Walioacha wakiwa na miaka 60, umri wa mumeo hasa, waliokoa kama miaka 3. Miaka mitatu ya kumwona baba kwenye shughuli za watoto wake, mimi siioni ndogo.

Lakini usimpe takwimu hizi kwa hasira, na viberiti mrudishie. Mtu aliyenyang'anywa kiberiti hutumia akili yake yote kutafuta kingine. Muulize siku mmetulia, mara moja tu, kisha unyamaze umsikilize: "Sigara ipi ungepata taabu zaidi kuiacha?" Akianza kuielezea hiyo sigara moja, ya alfajiri au ya kabla ya kulala, mtakuwa mmefungua mlango. Kubalianeni moshi usiingie ndani ya nyumba, kwa sababu wewe na watoto mnauvuta pia, na hapo una haki ya kusimama imara. Akikaa siku moja bila kuvuta, msifu kwa siku hiyo. Usimnuse nguo.

Kuhusu dawa, kushindwa chingamu si mwisho. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima, na mbali na bidhaa za nikotini, umependekeza vidonge vya vareniklini, bupropioni na sitisini pamoja na ushauri wa ana kwa ana. Vareniklini kwa kawaida huanzwa wiki moja kabla ya siku ya kuacha, na mtu akivuta akiwa anaitumia, sigara haimpi raha aliyoizoea. Bupropioni haimfai mwenye kifafa. Mpeleke kwa daktari, na uende naye.

Nilikaa miezi miwili safi. Juzi tumekutana na marafiki, nikapiga pafu mbili, jana nikanunua pakiti. Basi nimerudi? – Aliyeteleza

Bado. Pakiti ilipo sasa hivi, iloweshe maji uitupe. Usingoje Jumatatu wala mwanzo wa mwezi. Ile miezi miwili haikufutika, ubongo wako umeshajifunza mengi ndani yake. Andika ulikuwa na nani, umekaa wapi na mkononi ulikuwa na nini ulipopokea ile ya kwanza, kwa sababu mahali hapo ndipo utakapojaribiwa tena. Hao marafiki waambie wazi leo, kabla hamjakutana: "Nimeacha, msinipe hata nikiomba." Wengi watakuheshimu. Asiyekuheshimu, kaa naye mbali kwa wiki chache.

Tangu niache, kikohozi kimezidi na nimenenepa. Mbona kuacha kunaniumiza? – Mwenye Mashaka

Njia za hewa zina vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma makohozi nje. Moshi ulikuwa umevilemaza. Sasa vinaamka na kufagia, ndiyo maana unakohoa, na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki chache. Kunywa maji ya kutosha.

Uzito wengi huongeza kilo 4 au 5 katika mwaka wa kwanza, kwa sababu nikotini ilikuwa inazuia njaa na mwili ulikuwa unachoma chakula haraka zaidi. Usianze kujinyima chakula wiki hii, njaa na hamu ya sigara vikikutana utashindwa vyote viwili. Tembea kwa miguu kila siku, weka matunda karibu, mengine utayashughulikia hamu ikishatulia. Kama unatumia dawa za kisukari, za akili, au tiofilini ya pumu, mwambie daktari wako kwamba umeacha sigara, maana dozi inaweza kuhitaji kubadilishwa. Na kikohozi kikizidi wiki tatu, au ukitema damu, au ukipungua uzito bila sababu, nenda hospitali ukapimwe kifua.