Geldi au gelmiş?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Nasoma Eskişehir, Uturuki. Juzi nilimwambia mama mwenye nyumba "Ayşe gitti", yaani Ayşe aliondoka. Akaniuliza kama nilimwona. Niliambiwa tu na jirani. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kiambishi chetu "-li-" hakijali nani alikuwa shahidi. Kituruki kinajali. "Gitti" husema aliyeona kwa macho yake au mwenye hakika. Aliyesikia, au aliyekuta dalili tu, husema "gitmiş". Ukiamka ukakuta barabara imelowa, sema "yağmur yağmış": mvua ilinyesha, nawe ulikuwa umelala. Mimi niliposinzia darasani Ankara nilifundishwa kuungama kwa "uyumuşum", kumbe nililala, maana mwenye usingizi hajioni! Hata ngano zao huanza "Bir varmış, bir yokmuş", palikuwa, hapakuwa, kama paukwa yetu, msimulizi hakuwepo.

Tahajia ndiyo iliyonitoa jasho. Irabu ya kiambishi "-di" cha aliyeona hufuata iliyotangulia: aldı (alichukua), geldi (alikuja), okudu (alisoma), güldü (alicheka). Na d yake hugeuka t baada ya f, s, t, k, ç, ş, h, p. Ndiyo maana "gitti" ina t mbili. Mimi niliibandika orodha hiyo juu ya sinki la vyombo.