Makanisa yakifungwa, sebule isijifanye parokia

Tangazo lilitoka Jumatano jioni, tarehe 18 Machi 2020. Rais wetu wa Kongo alikuwa redioni: kwa ajili ya korona, shule zifungwe, baa zifungwe, ibada zote zisimame. Nilikuwa kwenye cherehani hapa Ndosho, mtaa wa Goma, namalizia magauni ya kwaya ya Pasaka, na nakiri kwamba wazo langu la kwanza halikuwa la kiroho hata kidogo: haya magauni nani atayalipa?

Wazo la pili lilikuja Ijumaa, nalo lilikuwa baya zaidi. Niliamua kwamba nyumba yangu haitakosa kitu.

Mimi ni msomaji parokiani tangu usichana wangu. Jumapili ya tarehe 22 nikatandika kitenge kipya mezani, nikashusha msalaba wa chumbani, nikawasha mishumaa miwili, nikawapanga watoto wanne kwa urefu kama watumishi wa altare. Tukaanza na wimbo wa mwanzo. Nilikumbuka hata kwamba Kwaresima hatuimbi Utukufu, na nikajisifu moyoni kwa kukumbuka. Somo la kwanza, zaburi, somo la pili, kisha Injili ya siku ile: Yohana sura ya 9, yule aliyezaliwa kipofu, aya 41. Nilizisoma zote. Halafu nikahubiri. Baba wa watoto nilikuwa nimempa kazi ya kuleta vipaji kutoka jikoni, naye alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya ndizi, anangoja niseme Amina.

Mdogo alikuwa amekwisha lala kwenye mkeka. Wa pili akanyoosha kidole kama yuko darasani.

"Mama, maharagi inaungua."

Yalikuwa yameungua kweli. Tuliyakula hivyo hivyo, na moshi wake, bila mtu kusema neno. Jioni nilipotoa rozari, kila mtu alikuwa na kazi mahali pengine.

Siku iliyofuata nilimpigia simu padri wetu, nikamweleza ibada yangu yote nikitegemea sifa. Alicheka mpaka akakohoa. "Mama, nani amekutuma kuhubiri?" Kisha akanisomea kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa, kifungu cha pili, ambacho sikuwahi kukisikia mimbarini: kama padri hayupo, au kuna sababu nyingine nzito ya kuzuia Misa, waamini wanahimizwa kushiriki ibada ya Neno, au kutenga muda wa kufaa wa kusali, mtu peke yake, au familia, au familia kadhaa pamoja. Basi. Hakuna anayedaiwa Misa isiyowezekana, na hakuna aliyeagizwa kuiigiza. Mimi nilikuwa nimechukua Misa, nikaacha kile kinachoifanya iwe Misa, kwa sababu sina uwezo nacho, nikabaki na urefu wake.

Kilichonitibu ni kumkumbuka nyanya yangu (bibi, kwa ninyi mnaosoma mkiwa Tanzania, huku kwetu bibi ni mke). Aliishi milimani Masisi, kwenye kigango ambacho padri alifika mara mbili au tatu kwa mwaka, barabara ikiruhusu. Maisha yake yote, Jumapili nyingi zilikuwa Jumapili bila Misa. Hakuwahi kuona kwamba kanisa limefungwa. Alfajiri alipiga ishara ya msalaba kabla ya kugusa komeo la mlango. Jua likifika utosini aliegemea jembe akasali Malaika wa Bwana. Jioni alisali rozari huku anamenya viazi, na kiazi kikianguka Salamu Maria haikukatika. Jumapili alikwenda kwa katekista kusikiliza Neno, akarudi. Padri alipofika, alikuwa wa kwanza kwenye mstari wa kitubio. Ni sisi wa mjini, tuliozoea Misa tatu kwa Jumapili moja, tuliodhani mwaka 2020 umeleta jambo jipya.

Basi nikaanza upya, kwa udogo.

Kwanza, saa. Usiseme "tutasali saa kumi na mbili na nusu." Nyumba yenye watoto haina saa hiyo. Sisi tuliifunga sala kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Makala yakishashika na sufuria ya maharage ikikaa juu, tunasali. Tunamaliza kabla ya kutia chumvi. Watoto wenyewe walikuwa wakiniita: "Mama, sufuria imepanda."

Pili, kiasi. Tulisali fungu moja tu la rozari, Salamu Maria kumi, si mafungu matano. Najua wapo watakaonuna, hasa wenzangu wa Legio ya Maria, chama chetu cha sala. Lakini fungu moja kila jioni kwa miezi mitano limezidi kwa mbali rozari nzima ya siku tatu inayokufa siku ya nne. Tulifuata mpangilio wa kawaida wa matendo ya rozari: furaha Jumatatu na Jumamosi, uchungu Jumanne na Ijumaa, utukufu Jumatano na Jumapili, na Alhamisi yale ya mwanga aliyoyaongeza Yohane Paulo wa Pili mwaka 2002. Kila jioni mtoto mmoja alitoa nia. Hapo ndipo nilipojifunza kilichomo vichwani mwao. Wa tatu aliombea "Mama wa nyanya", nikadhani anamwombea marehemu. Kumbe ni jirani yetu anayevusha nyanya kwenda Gisenyi, Rwanda, kupitia mpaka wa Barrière Ndogo. Mpaka ulikuwa umefungwa, na mtoto alikuwa ameona kwamba kwa jirani mbabula haiwashwi tena mchana. Mimi sikuwa nimeona. Siku ile sala yetu iliishia kwa kupeleka unga upande wa pili wa ua.

Tatu, Jumapili. Tuliacha masomo yote isipokuwa Injili. Inasomwa mara mbili na watu wawili tofauti, kisha kimya, halafu kila mmoja anataja neno moja lililomgusa, bila maelezo. Anayetaka kuhubiri ananyamaza, na huyo ni mimi. Wiki ile nilirudia peke yangu Yohana 9, niliyokuwa nimeisoma kwa kiburi, nikagundua nilivyoikimbiza. Yule kipofu aliyeponywa wanamfukuza katika aya ya 34. Aya ya 35 inasema Yesu alisikia kwamba wamemtupa nje, akamkuta. Anamkuta huko nje! Injili iliyopangwa kwa Jumapili ya kwanza ya makanisa kufungwa ilikuwa ya mtu aliyefungiwa nje ya sinagogi, nami niliipita mbio nikikimbilia mahubiri yangu.

Misa ya redioni au ya simu ni nzuri, tulifuata nyingi. Ila ifuate kwa mwili: simama wanaposimama, keti wanapoketi, sahani zikae kando. Ukiwa unachambua mchele, sema tu unasikiliza redio. Si dhambi, lakini usiipe jina lingine. Na usimpe mtoto simu aishike, maana katikati ya wimbo wa Mtakatifu utaona video ya mpira.

Kwenye Komunyo sisi tulifanya Komunyo ya tamaa. Mafundisho yake ni ya zamani. Mtakatifu Alfonsi wa Liguori alitunga sala yake fupi ambayo wengi wameikariri. Ukiisahau, shika mwendo wake: Yesu, nasadiki upo katika Sakramenti, nakupenda, natamani kukupokea, kwa kuwa sasa siwezi, njoo kiroho moyoni mwangu. Kisha nyamaza kidogo kama mtu aliyepokea. Binti yangu alikuwa katekisimu, Komunyo yake ya kwanza ilikuwa imekaribia ikaahirishwa, na gauni jeupe nilikuwa nimekwisha kata. Jioni moja baada ya sala hiyo akasema, "Basi sasa tuko sawa." Nikamuuliza sawa na nani. "Na nyinyi. Hata nyinyi hamuli." Alikuwa amekaa kwenye benchi zaidi ya mwaka akitutazama tukienda na kurudi. Tangu siku hiyo, wanaobaki kwenye benchi wakati wa Komunyo nawatazama kwa jicho lingine.

Kitubio ndicho kilichowasumbua wengi, na hapa naomba unisome polepole. Padri hawezi kukuondolea dhambi kwa simu. Ushauri atakupa, sakramenti hapana. Lakini hukuachwa mikono mitupu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1452, inafundisha kwamba majuto kamili, yale yatokanayo na kumpenda Mungu kuliko vyote, yanapata msamaha hata wa dhambi za mauti, mradi mtu ameazimia kwa dhati kwenda kitubio mara tu itakapowezekana. Roma ilikumbusha jambo hili tarehe 20 Machi 2020, siku mbili baada ya sisi kufungiwa. Wakristo wa Nagasaki kule Japani, dini ilipopigwa marufuku na mapadri wakaisha, waliishi hivyo zaidi ya miaka 200: ubatizo, sala, na majuto waliyofundishana baba kwa mwana. Mwaka 1865, padri wa Kifaransa alipofungua kanisa huko, wakajitokeza. Nyumbani kwetu ilikuwa dakika mbili kabla ya kulala: kila mtu kimya, anaipitia siku yake, kisha sala ya majuto kwa pamoja. Neno "nimeazimia" usiliruke. Ndilo litakalokupeleka kwa padri milango ikifunguliwa.

Na jambo ambalo kila mama alijue: mtu asiyebatizwa akiwa katika hatari ya kufa, yeyote anaweza kumbatiza. Mimina maji kichwani, yatiririke, huku unasema: Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Uwe na nia ya kufanya lile Kanisa linalotaka. Kisha parokia ijulishwe, jina liandikwe.

Shirika letu, yaani jumuiya ndogo ya mtaani, halikukutana, lakini mkubwa wa shirika aligawa simu: kila nyumba inapigia nyumba moja. Mimi nilipewa mzee mmoja asiyesikia vizuri. Tulisali Baba Yetu kwa kupiga kelele, mpaka majirani wakadhani tunagombana.

Sala hii ya nyumbani ilikuja kunifaa kuliko nilivyotazamia. Sisi wa Goma tunajua jengo linaweza kuondoka. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji ikaliangamiza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikafunguka tena. Kesho yake ilikuwa Pentekoste, na ndimi za moto tulikuwa tumeziona tayari. Alhamisi tukaamriwa kuhama, tukatembea na umati kuelekea Sake. Hatukubeba msalaba wala kitenge cha mezani. Usiku, kwenye baraza la watu tusiowajua, kuna mtu alipandisha sufuria juu ya mawe matatu, na mtoto wangu mdogo, yule aliyekuwa akilala kwenye mahubiri yangu, akanishika mkono akaanza Salamu Maria bila kuambiwa. Wenye nyumba wakaitikia.

Mwishoni mwa Januari 2025 pia, vita vilipoingia Goma. Umeme, maji na intaneti vilikatika, nasi tulilala sakafuni mbali na madirisha. Misa ya simu haikuwepo. Rozari ilikuwepo, na siku zile hatukuhesabu mafungu.

Nimebakiza sadaka, ambayo mimi mwenyewe niliisahau mpaka Mei. Mapadri wetu wanakula kutokana na kapu la Jumapili, na kapu halikuwa linapita. Tukaweka kopo la maziwa ya unga mezani, kila Jumapili kila mtu anatia chake, hata faranga 100. Wengine waliweza kutuma kwa simu. Sisi tulipenda kopo, watoto walione likijaa.

Ruhusa ya kufungua makanisa ilikuja tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, baada ya Jumapili 21. Kesho yake asubuhi, watu wamevaa, viatu vimeng'aa, nikafungua kopo ili tulibebe. Noti zilinuka maziwa. Chini kabisa palikuwa na karatasi ya daftari, mwandiko wa kijana wangu wa kwanza: "Nimekopa 1.000 ya mega za intaneti. Nitarudisha." Nilimtazama, akatazama viatu vyake. Amekwisha rudisha 500.