Valvu za Datsun 240Z: maswali ya wasomaji wa Tabora na Kigoma

Mafundi, poleni na kazi. Nina Datsun 240Z, injini L24. Nataka mbio zaidi. Niweke valvu kubwa za L28, injini kubwa zaidi ya ukoo huo huo? (Isevya, Tabora)

Inteki (valvu ya kuingiza hewa) ya L24 ina kichwa cha milimita 42, ya L28 ni 44. Ila silinda yako ina kipenyo cha milimita 83, ya L28 ni 86. Valvu ya 44 ikifunguka inasogea karibu mno na ukuta wa silinda: hewa inabanwa upande huo, na kamshafti (shafti inayofungua valvu) ikiwa ya kunyanyua sana, valvu inaweza kugonga bloku, yaani mwili wenye silinda. Kama bloku ni ile ile, baki na 42, pesa peleka kwenye siti (kikalio cha valvu) na gaidi (bomba linaloongoza shina lake) mpya. Kama eksozi zako (valvu za kutoa moshi) ni zile za mwanzo za milimita 33, kuzipandisha hadi 35 kunalipa, mradi siti zibadilishwe pamoja.

Dukani kuna valvu za kawaida na za stenlesi, bei ya juu sana. Wengine wanasema titani ndiyo kiboko. (Mwanga, Kigoma)

Eksozi nunua stenlesi aina ya 21-4N. Inteki hupozwa na petroli na hewa baridi inayoingia; eksozi hutoa joto lake kubwa kupitia siti inapokuwa imefunga. Ndiyo maana siti ya eksozi huchongwa upana wa milimita 1.5 hadi 2, ya inteki 1 hadi 1.5. Ukiichonga siti nyembamba kama wembe, eksozi itaungua ukingo. Nenda dukani na sumaku: kichwa cha 21-4N hakinaswi. Shina likinaswa usishtuke, valvu nyingi huungwa vipande viwili. Titani iache, inataka siti na gaidi za shaba maalumu na kukaguliwa kila mara. Ni ya gari la mashindano.

Petroli ya siku hizi haina risasi, madini yaliyokuwa yakikinga siti. Siti zitakufa? (Nzega)

Kwenye L24, hapana: hedi (kichwa cha injini) ni ya aluminiamu, na siti ya eksozi ni ya chuma kigumu iliyopachikwa. Wa kuhangaika ni mwenye MGB, gari la zamani la Kiingereza, ambayo siti zake zimechongwa kwenye chuma cha hedi chenyewe. Huko eksozi huzama, na dalili yake ni nafasi ya valvu (uwazi mdogo unaoachwa kwenye mtambo wa kuifungua) kupungua kila ukipima. Pachika siti ngumu.

Shikamooni. Tumefunga valvu mpya, siti zimechongwa, nafasi tumeseti sawasawa. Baada ya wiki chache roka (mikono inayosukuma valvu) zimelika upande mmoja. Tumekosea wapi? (Ujiji)

Marahaba. Hapa ndipo injini nyingi za L zinapoharibika. Siti ikichongwa, valvu inazama ndani na mkia wake unapanda juu. Roka inainuka, na kamu (nundu ya kamshafti) inaanza kuisugua pembeni badala ya katikati. Kuseti nafasi kwa skrubu hakutibu hilo.

Paka uso wa roka maka peni nyeusi. Toa plagi, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, kisha ing'oe roka uitazame. Alama ya msuguano iwe katikati, ibakize weusi kidogo mbele na nyuma. Ikiegemea upande, badilisha pedi iliyo juu ya mkia wa valvu. Mkia ukiwa umepanda, tafuta pedi nyembamba zaidi. Fanya hivyo kwa valvu zote 12, moja moja, maana hazizami sawa. Ndipo useti nafasi injini ikiwa baridi: inteki milimita 0.20, eksozi 0.25. Roka zilizolika msizirudishe, na kamu ikaguliwe.

Hedi imechongwa na kamshafti ni ya mbio. Nitajuaje valvu hazigongi pistoni? (Urambo)

Bandika plastisini juu ya pistoni, funga hedi na gasketi ya zamani, seti valvu, zungusha kwa mkono mizunguko miwili. Fungua, kata plastisini, pima palipo pembamba: inteki isipungue milimita 2, eksozi 2.5. Kumbuka hedi ikichongwa cheni inalegea na kamu inachelewa, kwa hiyo seti taiming ya kamu kwanza.

Naweza kuondoa filta ya hewa ili ivute vizuri? (Kaliua)

Usiondoe. Nafasi kati ya shina la inteki na gaidi ni milimita 0.02 hadi 0.05 tu, na vumbi la barabara zetu likichanganyika na oili hapo linasaga kama pesti ya kusagia valvu.