Majilio Kigoma: Lipa Deni Kwanza, Pilau Baadaye

Desemba ikikaribia, kwenye jumuiya zetu ndogo ndogo hapa Kigoma huzuka swali lile lile: mwaka huu tuwapelekee nini wahitaji siku ya Noeli? Daftari la michango linazunguka; huyu anaandikisha mchele, yule sukari, mwingine sabuni za mche. Sina ugomvi na mchele. Ila kwa muda niliokaa kwenye uongozi wa jumuiya nimeona kwamba furaha tunayoipangia tarehe 25 mara nyingi humkuta mtu ameshachoka. Majuma yale manne kabla yake, ndiyo Majilio yenyewe, ndiyo yanayombana, na hapo ndipo pa kumfikia.

Ushauri wangu wa kwanza hauna harufu ya uvumba: lipa watu wanaokudai.

Fundi cherehani wa Mwanga hapa Kigoma mwezi wa kumi na mbili halali. Kuna vitenge vya kwaya, sare za akina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, magauni ya watoto ya sikukuu. Mteja anachukua nguo yake, anasema "nitakurushia kesho", na kesho yake inakuja kuwa Februari. Wakati huo huo fundi ana watoto wanaotakiwa shuleni Januari, wakiwa na viatu na madaftari. Ndivyo ilivyo kwa dada wa kazi, kwa kijana wa bodaboda anayekupelekea watoto shule, na kwa mama wa mawese anayekukopesha kidumu bila kuandikishana. Juma la kwanza la Majilio mimi huandika majina ya wote wanaonidai. Ninayemuweza namlipa, nisiyemuweza nampigia simu na kumtajia tarehe ya kweli. Kuna fundi niliwahi kumtumia salio lake lote kabla hajamaliza kushona. Akanipigia mbio mbio, akidhani nimekosea namba. Nilipomwambia ni hela ya gauni akaangua kicheko, nikasikia na cherehani imesimama.

Usione kama nimetoka nje ya mada. Dominika ya tatu ya Majilio ndiyo ile inayoitwa Gaudete, Furahini, na parokia zenye mavazi ya waridi padre huyavaa siku hiyo. Katika mwaka C wa liturujia, yaani wa tatu katika mzunguko wa masomo ya Misa, Injili yake ni Luka 3. Makutano wanamuuliza Yohane Mbatizaji, "Tufanye nini basi?" Hawaambii wahamie jangwani wakale nzige kama yeye. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari wasidhulumu mtu, watoshewe na mshahara wao. Kwa hiyo Dominika ya furaha Kanisa linatusomea habari za nguo, ushuru na mishahara. Mwenye mizani sokoni naye ajisikie ametajwa.

La pili ni muda. Maria aliposikia habari za Elisabeti, Luka anasema alikwenda nchi ya milimani kwa haraka, akakaa naye kadiri ya miezi mitatu. Zawadi haikutajwa. Elisabeti alikuwa mzee, mimba ya miezi sita, na mume asiyeweza kusema. Nadhani kilichohitajika mle ndani ni mikono.

Kwetu, Desemba ni mvua. Mama wa Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, anaanika dagaa asubuhi, wingu likitanda juu ya ziwa kila mtu anakimbia na turubai lake. Dagaa aliyelowa huharibika upesi, akanuka, bei ikaanguka. Mwaka mmoja mwenzetu wa jumuiya alikuwa ametoka kujifungua na hakuweza mbio hizo, basi vijana wa kwaya wakapangiana zamu ya kumgeuzia dagaa na kuwafunika. Mwalimu wa kwaya alinuna kidogo kwa mazoezi yaliyokosa watu, kisha akapoa, siku nyingine akashika turubai mwenyewe. Usiende kwa mtu na swali la "nikusaidie nini?" Atakujibu "tunamshukuru Mungu" na mtaishia hapo. Tazama kazi iliyolala, ushike.

Tena angalieni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi hukaa nchi kavu. Noeli ikiangukia mbalamwezi, nyumba nyingi za wavuvi huwa hazina kitu. Jumuiya yenye akili hulijua hilo mapema, kalenda ipo.

Wafiwa nao wanahitaji utaratibu wao. Aliyezika mwaka huu anaiogopa Noeli ya kwanza bila mtu wake, na sisi tunamfuata na nyimbo za shangwe. Nenda Majilio, keti, mtaje marehemu kwa jina, mwache alie kama analia. Liturujia yenyewe ina nafasi hiyo: Dominika za Majilio hatuimbi ule wimbo wa shangwe wa Utukufu, lakini Aleluya hatuiachi. Na yule Paulo aliyeandika "Furahini katika Bwana siku zote" aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, maneno ambayo wa gereza la Bangwe wanayaelewa kuliko mimi. Mkitaka kwenda huko, ulizieni taratibu mapema. Msitokee tu langoni na mifuko.

Halafu majirani. Mji huu, kuanzia Gungu mpaka Ujiji, Mkristo na Mwislamu wanachota maji bomba moja, na sahani huvuka ua sikukuu zote, Idi kwa Noeli. Kumpelekea jirani pilau ambalo hawezi kulila si ukarimu, ni kumtia aibu. Mbuzi au kuku achinjwe na Mwislamu, tena mkubaliane naye kabla ya siku, kwa sababu asubuhi ya tarehe 24 mchinjaji anatafutwa na mtaa mzima.